Vifurushi vya Bucha kwenye Friza ya Fenya

Fenya Kalmakoff hakumwamini mtu anayepika huku amefunga mlango. Jikoni kwake, nyumba ya chini, mlango ulikaa wazi tangu theluji inapoyeyuka hadi inapoanguka tena. Paka waliingia, majirani waliingia, na kila aliyeingia alipewa kijiko aonje. Ndiyo maana Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1979, alipopanda ngazi kwenda kwa mkwewe kuomba mbegu za shibiti, yale majani ya kiungo, akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na ufa wa chini unatoa mvuke, moyo ulimlipuka.

"Janine! We Janine! Unaoga humo jikoni?"

"Nakuja mama! Subiri kidogo tu!"

Hicho kidogo kilitosha mtu kumenya viazi vitatu. Fenya alisikia mfuniko ukigonga, maji yakimwagwa, dirisha likifunguliwa. Mlango ulipofunguka, Janine alikuwa amesimama na eproni iliyolowa kifuani, mashavu mekundu, na tabasamu ambalo Fenya aliliona limechelewa kufika.

"Mbegu za shibiti, mama? Hizi hapa. Chukua zote."

"Unapika nini?"

"Aa, maji tu."

Maji tu! Fenya alishuka ngazi akishika ukuta, goti likimlilia, pua yake ikiwa bado imebaki kule juu. Tangu lini maji yakanukia? Alichokinusa kilikuwa kitu kizito, kilichochemka tangu alfajiri, na kilimgusa mahali fulani nyuma ya ulimi ambapo hakupenda paguswe. Alifika jikoni kwake akakaa kitini, akasahau kabisa mbegu alizitakia nini.

Watu wa nje wangemshangaa, lakini bondeni kwetu hapa Grand Forks hakuna ambaye asingeshtuka. Sisi hatuli nyama. Babu zetu walichoma bunduki zao moto kule ng'ambo walikotoka kwa sababu hawakutaka kuua, na nyama wakaiacha kwa sababu ile ile, na hadi leo mtu wetu akikutwa na kipande cha soseji mfukoni ni afadhali angekutwa amelewa barabarani. Fenya naye hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa ndiye mshika upawa wa nyumba ya sala. Miaka kumi na tisa, kwenye arusi, mazishi na Siku ya Petro, sikukuu yetu ya kukumbuka kuchomwa kwa bunduki zile, hapakutoka sufuria ya borsh, ile supu yetu ya kabichi, kabla yeye hajaionja. Nusu ya kabichi ikaangwe kwa siagi, nusu iingie mbichi mwishoni. Viazi vipondwe kwa malai. Bitiruti iingie moja, nzima, itoe rangi kisha itolewe itupwe. Mikate ya ngano isiyokobolewa, kutoka kinu chetu wenyewe, ikatwe minene. Aliyetaka kubadilisha chochote alikaribishwa kubadilisha nyumbani kwake.

Na Janine alikuwa binti wa mwenye bucha.

Hilo lilikuwa bado halijamshuka Fenya kooni. Mwanawe wa pekee, Petya, kijana wa kuimba zaburi vizuri kuliko wote kwenye kwaya, alikwenda mji wa Trail kufunga mabomba akarudi na mchumba Mwingereza, na Mwingereza kwetu ni kila mtu asiyekuwa wetu, hata angekuwa Mtaliano. Baba yake Janine alikuwa na bucha pale Trail, na kichwa cha ng'ombe kimechorwa kwenye kioo cha mbele. Janine aliacha nyama siku aliyoolewa. Ndivyo alivyosema, na Fenya alikuwa amelitafuna hilo neno, alivyosema, kwa miaka kumi na moja.

Sasa goti la Fenya lilikuwa limekataa kusimama zaidi ya saa moja, na wanawake wa nyumba ya sala walikuwa wamekaa kikao bila kumwita. Bibi Polya, aliyekuwa na miaka themanini na minane na aliyevushwa bahari akiwa mtoto wa miaka minane, ndiye aliyemletea habari.

"Siku ya Petro, Janine akusaidie," alisema. "Ana mikono mizuri. Mwakani, Mungu akipenda, ashike yeye upawa, wewe ukae utulie."

"Sawa, Bibi Polya," Fenya aliitikia kwa mdomo. Moyoni alisema: yule? Na hiyo sufuria inalisha watu mia mbili, watoto na wazee ambao tangu kuzaliwa hawajaweka nyama kinywani. Akiichafua huyo, aibu itamwangukia nani?

Jumapili iliyofuata Janine aliwaalika chakula cha mchana. Kwenye meza palikuwa na mkate wa ngano, matango ya siki, wali wa zabibu, na borsh. Petya alianza kula kabla hata hajavuta kiti vizuri. Dunya, mjukuu wa miaka minane mwenye pengo mbele, alipuliza kijiko chake. Fenya akachota, akatia mdomoni.

Ulimi wake ulijibu kabla hajauuliza. Ilikuwa borsh, ndiyo, kabichi ilikuwapo na siagi na malai, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kitu kinene cha kahawia kilichobaki mdomoni baada ya kumeza. Aliweka kijiko chini. Akasukuma bakuli kando.

"Mama, huli?" Petya aliuliza.

"Nina gesi tumboni."

"Bibi ana gesi!" Dunya akacheka mpaka supu ikamtoka puani.

Janine hakucheka. Alikuwa akimtazama Fenya kwa macho ya mtu anayengoja majibu ya mtihani, na Fenya akajiambia: naam, anaangalia kama nimegundua.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Akifua, anasikiliza juu. Akipalilia vitunguu, anachungulia dirisha la juu kama limefunguliwa. Alihesabu siku ambazo Janine alifunga mlango: Jumanne, na Alhamisi, na Jumanne tena. Paka wake mwenyewe, aliyemlea tangu jicho halijafumbuka, alihamia ngazi za juu, akawa analala pale mlangoni kama amelipwa. Hata paka, Fenya aliwaza, hata paka anajua.

Siku moja Janine akiwa kazini kwenye maktaba, Fenya alishuka ghalani chini ya nyumba kutafuta mbaazi kwenye friza. Friza ilikuwa ya wote wawili, upande wa kushoto wake, wa kulia wa Janine. Alipoinua mfuniko aliviona: vifurushi saba, upande wa kulia, vimefungwa kwa karatasi ya kahawia, ile nene yenye nta, na kila kimoja kimezungushwa uzi mweupe wa katani na kufungwa fundo la bucha. Fundo hilo alilijua. Kila Krismasi baba yake Janine alimletea zawadi ya jibini iliyofungwa hivyo hivyo, kwenye karatasi hiyo hiyo.

Alifunga mfuniko taratibu, kama mtu aliyefumania nyoka amelala. Kisha akavuka barabara, goti na yote, hadi kwa jirani yake Lusha Zaitsoff, ambaye walisoma pamoja, waliolewa mwaka mmoja, na hawakuwahi kunyimana habari.

"Saba?" Lusha alishika kifua. "Saba, Fenya?"

"Saba. Kwenye friza yangu. Karibu na mbaazi zangu!"

"Umefungua?"

"Nifungue? Nishike nyama? Mimi?"

"Sasa utajuaje kama ni nyama?"

"Karatasi ya bucha, fundo la bucha, binti wa bucha. Unataka nini kingine, ng'ombe aje atoe ushahidi?"

"Mi nasema tu," Lusha alisema. "Shika na koleo. Koleo haitakuua."

Wazo halikuwa baya. Fenya alirudi, akachukua koleo yake ya chuma, akashuka ghalani, akainua mfuniko, akanyoosha mkono. Halafu akakumbuka kwamba koleo hiyo ndiyo anayogeuzia mikate kwenye oveni. Ikigusa nyama, ataigeuzia nini? Alisimama pale baridi ikimpiga usoni, koleo hewani, mpaka vidole vikafa ganzi. Akaishusha. Akaiosha mara mbili kwa maji ya moto, ingawa haikugusa kitu, akaitundika. Vifurushi havikufunguliwa siku ile wala siku nyingine, na hapo ndipo mwenzetu alipokosea. Lakini nani kati yetu angevifungua?

Akajaribu kwa Dunya, na hili halinipendezi kulisimulia, kwa sababu kumchimba mtoto habari za mama yake si jambo la mtu mzima. Alimkalisha kwenye kigoda, akampa kipande cha mkate na asali.

"Dunya, mama yako akifunga mlango jikoni, huwa anapika nini?"

"Siri."

"Hata kwa bibi?"

Dunya alifikiri huku analamba asali kidoleni. "Ni kitu cheusi. Kinachemka siku nzima. Halafu anakikamua na kitambaa. Halafu kinachobaki anakizika kwenye mboji, chini kabisa, ili usione."

"Nani asione?"

"Wewe bibi!"

Jioni hiyo hiyo alimngoja Petya mlangoni. Petya alikuwa mtu mpole, lakini alipomwona mama yake amesimama na mikono kiunoni alishusha sanduku lake la vifaa chini kabla hajaambiwa.

"Mkeo anakulisha nini, Petya?"

"Chakula, mama."

"Nauliza vizuri."

"Na mi nakujibu vizuri." Alivua kofia. "Mama, mwaka juzi ulisema Janine amemlisha Dunya soseji kwa babu yake. Ilikuwa karoti. Karoti, mama! Janine alilia siku tatu. Sikiliza. Kule mjini Kelowna kuna kazi, nimeitwa mara mbili, nimekataa kwa ajili yako. Ukimvunjia heshima tena, safari hii mbele za watu, mimi nachukua mke wangu na mwanangu naondoka. Sikutishi. Nakuambia tu."

Fenya alimpisha njia. Alikwenda kulala mapema, akajifunika hadi kidevuni, akaogopa pande zote mbili. Akinyamaza, Siku ya Petro watu mia mbili watalishwa najisi kwa upawa wake. Akisema, Dunya ataondoka na pengo lake na vigoda vitabaki vitupu. Alijaribu kuomba, lakini kila alipofumba macho ulimi wake ulimkumbusha ile supu.

Siku ya Petro ilifika na jua kali. Kwenye ukumbi wa nyumba ya sala meza ilikuwa imeandaliwa kama siku zote, mkate mmoja, kijaluba cha chumvi na jagi la maji, na watu walikuwa wameshaanza kuimba, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Jikoni nyuma, wanawake kumi na wawili wenye mitandio meupe walikuwa wanakata, wanakaanga, wanaponda. Sufuria tatu kubwa zilikuwa motoni. Fenya alikaa kwenye kiti kirefu alicholetewa kwa ajili ya goti lake, upawa mkononi, macho kwa Janine.

Janine alikwenda nje kwenye gari. Akarudi na ndoo ya enameli iliyofunikwa kitambaa, ameikumbatia kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya tatu, akafunua kitambaa, akainamisha ndoo, na maji meusi yakaanza kumiminika ndani ya borsh ya jumuiya.

Harufu ilimfikia Fenya pale pale kitini.

"Simama!" Alisimama yeye mwenyewe, goti likasahaulika. "Weka chini! Weka chini hiyo ndoo!"

Visu vyote vilinyamaza. Janine aliiweka ndoo chini, imebaki nusu.

"Ni nini hicho?" Bibi Polya aliuliza kutoka kwenye benchi lake karibu na dirisha. Hakupaza sauti, hakuwahi kuhitaji.

"Ni maji ya uyoga, Bibi Polya," Janine alisema. "Uyoga uliokaushwa, na shayiri nzima niliyoikaanga kavu mpaka ikawa kahawia. Na vitunguu. Nachemsha pamoja, nakamua. Nilitaka—"

"Mwongo!" Fenya alisema. "Friza yangu imejaa vifurushi vya baba yake! Anafunga mlango, anakamua, anazika mabaki kwenye mboji kama mwizi! Mtoto mwenyewe kaniambia! Jamani, onjeni. Onjeni wenyewe! Hii ni nyama!"

Bibi Polya alinyoosha mkono, akaletewa kijiko. Akaonja, akafumba macho, akampa Lusha. Lusha akaonja, akapitisha. Kijiko kikazunguka wanawake wote kumi na wawili, na Fenya akangoja kuona nani atakuwa wa kwanza kutema.

Hakutema mtu.

"Mimi naona tamu tu," mmoja alisema.

"Mimi ladha hii siijui," alisema mwingine. "Inaweza kuwa uyoga. Inaweza kuwa chochote."

"Nyama ina ladha gani kwani?" Lusha aliuliza. "Mi tangu nizaliwe sijaionja, nitajuaje?"

"Ni hii!" Fenya alipiga upawa mezani. "Ladha ya nyama ni hii hii! Naijua!"

Alisikia maneno yake mwenyewe yakigonga ukuta na kurudi. Kule ukumbini waliendelea kuimba. Bibi Polya alikuwa amemgeukia, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja.

"Humu ndani," Bibi Polya alisema polepole, "kuna wanawake waliozaliwa na kukua bila kuonja nyama. Hatuijui. Wewe, Fenya, umeijulia wapi?"

Fenya alifungua mdomo. Angeweza kusema alisikia harufu mahali. Angeweza kusema aliambiwa. Uongo wote aliouhitaji ulikuwa karibu kabisa, alikuwa akiuchagua tu.

Janine ndiye aliyesema kwanza.

"Ni kosa langu, Bibi Polya," alisema haraka. "Huwa naenda kumtembelea baba, narudi na harufu ya bucha kwenye nguo. Mama ananifulia. Atakuwa ameizoea harufu hapo. Si zaidi."

Haikuwa kweli. Fenya hajawahi kumfulia Janine hata soksi. Alimtazama mkwewe, yule aliyemwita mwongo na mwizi muda mfupi uliopita mbele ya kila mtu, ambaye sasa alikuwa amesimama na eproni yake yenye madoa, akimtafutia pa kujificha. Aibu ikampanda Fenya kutoka miguuni. Alikaa kitini, upawa mapajani.

"Usidanganye kwa ajili yangu, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Hujawahi kuniletea nguo. Nilikunywa. Nilikunywa supu ya mfupa."

"Lini?" Bibi Polya aliuliza.

"Mwaka thelathini na tisa. Vijiji vyetu vimekwisha kuchukuliwa kwa madeni, mnakumbuka, hatuna kitu. Nilikwenda mjini Nelson kufanya kazi za ndani kwa daktari. Nina mimba ya Petya, nina njaa mpaka naona giza. Bi mkubwa akanipa bakuli, akaniambia ni supu ya mboga. Mfupa niliuona. Nilijua. Nikanywa."

"Mara moja?"

"Majira yote ya baridi." Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa na hakuyafuta. "Kila siku nilisema kesho sitakunywa, na kesho nikawa wa kwanza kushika bakuli. Ilikuwa tamu, Bibi Polya. Miaka arobaini sijaisahau. Ndiyo maana Jumapili ile nilipoonja tu nikajua. Nikasema, kama mimi niliweza kuwaficha, na huyu anaweza."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Hatimaye Lusha, ambaye kunyamaza kulimchosha kuliko kazi, akauliza:

"Ina maana Petya alikuwa tumboni muda wote huo? Anainywa?"

"Alikuwamo."

"Basi!" Lusha alipiga makofi. "Ndiyo maana akaenda kuoa bucha!"

Kicheko kilipasuka jikoni mpaka kule ukumbini mtu akapoteza mstari wa zaburi. Hata Bibi Polya mabega yalimtikisika. Alipotulia alisema, na safari hii hakuwa anacheka:

"Fenya. Hapa hatumwapishi mtu wala hatumfukuzi mtu. Lakini umemtukana mtu asiye na hatia, na upawa wa watu wote umeupiga mezani. Leo utakata mkate. Upawa mpe Janine. Usimpe mwakani, mpe sasa."

Hilo ndilo Fenya alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo, na sasa lilikuwa limekuja, na alikuwa amelileta kwa mikono yake. Aliinuka. Alimsogelea Janine, akainama mbele yake, mara mbili, mpaka chini kama tunavyoinamiana kwetu, ingawa goti lilimtoa machozi mapya.

"Nisamehe."

"Mungu atusamehe sote," Janine alimjibu kwa lafudhi yake ya Trail, bila kukosea neno, na akainama naye. Akapokea upawa.

Walikula watu mia mbili na kumi na moja. Sufuria ya tatu iliisha kwanza, na wapo wazee waliorudi mara tatu wakisingizia wajukuu. Fenya alikata mikate mpaka kisu kikamtoa malengelenge, kichwa chini, akingoja kusikia injini ya gari la Petya. Petya alikwishasikia kila kitu. Kwetu habari hutoka jikoni kabla ya chakula. Lakini alipopita na bakuli lake alimwekea mama yake mkono begani, akauacha pale muda kidogo, akaenda kukaa.

Watu walipopungua Janine alikuja na bakuli mbili, akakaa karibu naye kwenye ngazi za nyuma ya jikoni.

"Kwa nini ulikuwa unafunga mlango?" Fenya aliuliza.

"Ningekuambia kuna kitu nataka kuongeza kwenye borsh yako, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Na vifurushi?"

"Uyoga, mama. Niliuokota mwenyewe msimu uliopita, milimani, nikaukausha, nikauweka kwenye baridi usiliwe na wadudu. Baba hunipa karatasi, haipitishi unyevu. Kwa nini hukufungua hata kimoja?"

"Ningeshika nyama?"

Janine alimwangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Kisha akawa anachezea kijiko.

"Mimi sijarudia nyama tangu niolewe," alisema. "Naapa… samahani, hatuapi. Lakini jikoni kwa mama yangu kulikuwa na harufu, Jumapili, na mama hayupo tena. Nikawa naitafuta. Nikajaribu maharage, nikajaribu uyoga, nikajaribu shayiri mbichi, nikajaribu ya kukaanga. Miaka minne. Nikidhani naitafuta peke yangu."

Fenya aliliinua bakuli lake. Alikula kijiko cha kwanza taratibu, cha pili taratibu zaidi, na hakuna aliyekuwa akimwangalia isipokuwa mkwewe. Alikula mpaka chini, akapangusa bakuli kwa ganda la mkate.

"Umekaribia," alisema. Aligeuka kuangalia nyuma kama kuna mtu, akamwinamia Janine sikioni. "Ila ile ya Nelson ilizidi chumvi kidogo."